Usifiche Habari ya Chai

Iko mashini iitwayo PET ipimayo kazi ya ubongo. Mgonjwa huchomwa sindano ya sukari iliyotiwa florini-18; nguvu yake hupungua nusu kila dakika 110. Mashini huhesabu miali yake.

Lakini haitengi vizuri vitu vidogo kuliko milimita 4 au 5, na ganda la ubongo lina unene wa milimita 2 hadi 4 tu. Ganda lililokonda kwa uzee laweza kuonekana limelala, kumbe linafanya kazi. Ukitikisa kichwa, kosa linazidi.

Na wewe uliyekunywa chai ya sukari, ukasema, "Sijaonja kitu"? Sukari hiyo hushindana na ile ya sindano, ubongo huonekana dhaifu. Mimi naona munganga akuulize kwanza habari ya chai, ndipo asome rangi za picha.