Kompyuta ya Kwantamu na Pesa Zako za Simu: Kufuli Itabadilishwa na Nani?

Huenda umeshapata ujumbe wa aina hii kwenye kundi la WhatsApp la familia au la chama: ati kuna kompyuta mpya inaitwa kwantamu, inavunja siri ya mtu yeyote kwa sekunde, toa pesa zako kwa simu mapema uziweke chini ya godoro. Upande wa pili kuna wale wanaosema hayo ni mambo ya filamu, wewe tuma pesa zako uendelee na maisha. Kwa maoni yangu wote wamekosea, na hawa wa pili wamekosea vibaya zaidi, kwa sababu wanatufanya tusiulize swali ambalo mteja wa pesa za simu anafaa kuuliza mwaka huu, si mwaka 2035.

Hebu tuanze na simu iliyo mkononi mwako. Ndani yake kuna chipu, na ndani ya chipu kuna transista, yaani swichi ndogo ndogo za kupitisha au kuzuia umeme. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300. Chipu ya A17 Pro ambayo Apple iliitoa mwaka 2023 ina bilioni 19, na mtu anaibeba mfukoni akipanda matatu. Hapo ndipo nanoteknolojia ilipotufikisha: kutengeneza vitu kwa kipimo cha nanomita, ambayo ni milimita moja uliyoigawanya mara milioni. Unywele wako mmoja una unene wa nanomita kama 80,000 hivi. Mashine za kisasa za kuchora chipu, zinazotengenezwa na kampuni ya ASML ya Uholanzi, hutumia mwanga wa nanomita 13.5. Mwanga huo unamezwa hata na hewa ya kawaida, kwa hivyo kazi yote inafanyika ndani ya chumba kisicho na hewa.

(Nilisomea masoko chuoni, kwa hivyo nikisikia "chipu ya nanomita 3" naona mkono wa wenzangu. Siku hizi hiyo 3 ni jina la kizazi cha bidhaa tu, si kipimo cha sehemu fulani ya transista. Ni kama ile sabuni inayoandikwa "mpya" kila mwaka.)

Lakini kupunguza nako kuna mwisho. Atomu ya silikoni ina upana wa takriban nanomita 0.2. Ukuta ukibaki na unene wa atomu chache tu, elektroni zinapenya na kutokea upande wa pili kana kwamba ukuta haupo. Kwa mtengenezaji wa chipu hiyo ni hasara tupu: swichi uliyoizima inavuja umeme, simu inapata joto, chaji inaisha. Tabia hii ya vitu vidogo sana kukataa kufuata sheria tulizozoea ndiyo inaitwa ya kikwantamu. Watafiti wengine wakajiuliza, kwani lazima tupigane nayo? Si tuitumie kufanya hesabu?

Ndiyo hiyo kompyuta ya kwantamu. Kompyuta yako ya kawaida inahesabu kwa biti, ambayo ni 0 au 1. Ya kwantamu inatumia kyubiti, ambayo inaweza kuwa mchanganyiko wa 0 na 1 mpaka utakapoipima. Utasikia watu wakisema ati inajaribu majibu yote kwa wakati mmoja. Si hivyo. Fikiria mawimbi mawili ya bahari yakikutana: kilele cha moja kikigongana na bonde la lingine, yanafutana. Mtaalamu wa kwantamu anapanga hesabu yake ili majibu mabaya yafutane hivyo na jibu zuri lipate nguvu. Kuna hesabu chache tu zinazokubali kupangwa namna hiyo. Kufungua TikTok si mojawapo, na wala kompyuta hii haitaingia mfukoni mwako hivi karibuni. Nyingi za zile zinazotajwa sana kwenye habari hupozwa hadi karibu nyuzi -273 ndipo zifanye kazi.

Shida ni kwamba kati ya hizo hesabu chache, imo ile inayofunga pesa zetu.

Unapofungua programu ya benki au ya malipo, simu yako na seva ya kampuni hukubaliana siri hadharani, watu wakisikiliza, na bado wanaosikiliza hawaipati. Ujanja ni kutumia hesabu iliyo rahisi ukienda na ngumu ukirudi. Zidisha 61 kwa 53, mwanafunzi wa shule ya msingi atakupa 3,233. Sasa mpe mtu hiyo 3,233 peke yake, umwambie atafute nambari mbili zilizoizaa. Atatoka jasho kidogo. Nambari ya kufuli ya kawaida ya RSA, ile ya biti 2,048, ina tarakimu 617. Hapo hata ukikusanya kompyuta za kawaida kwa maelfu hutapata jibu ukiwa hai. Kuna kufuli nyingine za intaneti zinazotumia hesabu tofauti, lakini ni ndugu wa ukoo mmoja.

Mwaka 1994 mwanahisabati Peter Shor, akiwa kwenye maabara za Bell huko Marekani, alionyesha kwa kalamu na karatasi kwamba mtu akipata kompyuta ya kwantamu kubwa ya kutosha, ukoo huo wote wa kufuli unafunguka. Wakati huo mashine yenyewe haikuwepo. Leo zipo, ila bado ni ndogo na zinakosea mara kwa mara. Desemba 2023 IBM ilitangaza chipu yenye kyubiti 1,121. Desemba 2024 Google ikaleta Willow yenye kyubiti 105, ikasema imemaliza kwa chini ya dakika tano hesabu ambayo kompyuta kubwa ya kawaida ingeifanya kwa miaka inayoandikwa 1 na sifuri 25. Vichwa vya habari vikapiga kelele. Hesabu yenyewe ilikuwa mtihani uliotungwa kupima mashine. Haikufungua kufuli ya mtu yeyote. La maana zaidi ni kwamba walipoongeza kyubiti za kulinda taarifa, makosa yalipungua badala ya kuzidi.

Kinachonikosesha usingizi mimi si Willow, ni makadirio. Mwaka 2019 Craig Gidney wa Google na mwenzake Martin Ekerå walikadiria kwamba kuvunja RSA ya biti 2,048 kungehitaji kyubiti milioni 20, kwa saa nane. Mei 2025 Gidney huyo huyo akaandika kwamba chini ya milioni moja zingetosha, kwa muda usiozidi wiki. Bei ya kuvunja kufuli ilishuka mara 20 na hakuna mashine mpya iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Watu walikaa tu wakafikiria vizuri zaidi. Ndiyo maana mtu akiniambia "hiyo bado ni mbali sana", namuuliza amepima na rula gani.

Kuna jambo lingine ambalo wanaosema tungoje hulisahau. Mwizi hahitaji kuwa na kompyuta ya kwantamu leo. Anaweza kurekodi leo mawasiliano yaliyofungwa, asielewe hata herufi moja, ayaweke kwenye hifadhi, halafu angoje miaka 10. PIN yako utakuwa umeshaibadilisha, sawa. Lakini nambari yako ya kitambulisho utaibadilisha? Tarehe yako ya kuzaliwa? Na orodha ya ulikolipa: zahanati fulani, mkopo fulani, yule mtu uliyemtumia pesa kila mwisho wa mwezi na hukutaka nyumbani wajue? Pesa zikiibwa zinaweza kurudishwa na kampuni. Historia ikishatoka imetoka.

Dawa ipo, na si ya kinadharia. Mwaka 2016 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliitisha mashindano ya kutafuta kufuli mpya zisizovunjwa na hesabu ya Shor. Tarehe 13 Agosti 2024 ikachapisha viwango vitatu vya kwanza. Katikati ya mashindano yalitokea mambo: moja ya kufuli zilizofika mbali, iliyoitwa SIKE, ilivunjwa mwaka 2022 na watafiti wawili wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji. Walitumia kompyuta ya kawaida kabisa na kama saa moja tu. Wengine waliona hiyo ni aibu. Mimi naona ndiyo sababu ya kuwa na mashindano: afadhali kufuli ivunjwe mezani kuliko mlangoni. Signal ilianza kutumia kinga ya aina hii Septemba 2023, Apple ikatangaza yake kwa iMessage Februari 2024, na Chrome ya kompyuta ikaiwasha kwa kila mtu mwaka huo huo. Uingereza imeweka 2035 kuwa mwaka wa kumaliza kuhama.

Sasa, nani anaachwa nyuma? Wengi hudhani ni mwenye kabambe. Si lazima. Laini ya simu na mtandao wake hutambuana kwa siri moja ambayo pande zote mbili zilipewa tangu laini ilipotengenezwa. Hapo hakuna ile hesabu ya kuzidisha, kwa hivyo ujanja wa Shor hauna pa kushika. (Mitandao ya zamani ya 2G ina udhaifu wake mwingine, lakini huo ulikuwepo kabla ya kwantamu.) Ninayemwogopea ni yule wa katikati: mwenye simu janja ya mtumba, ile uliyonunua mtaani ukaambiwa ni ex-UK, au uliyorithi kwa dada yako aliponunua mpya. Inaingia intaneti, inafungua programu ya malipo, lakini mtengenezaji aliacha kuitumia masasisho zamani. Kufuli mpya zinakuja kwa njia ya masasisho. Na ni nzito zaidi: katika kufuli moja maarufu kati ya hizo mpya, ufunguo unaotumwa hewani una baiti 1,184, ilhali wa aina inayotumika sana sasa una baiti 32. Kwa simu mpya hiyo si kitu. Kwa simu yenye kumbukumbu iliyojaa na mtandao wa kukatika katika, ni jambo la kufikiria.

Siku kampuni ya malipo itakapoamua kwamba programu yake haifanyi kazi tena bila kufuli mpya, njia rahisi kwake itakuwa kuandika kwenye skrini: "Simu yako haitumiki tena, tafadhali nunua nyingine." Mimi sikubaliani na njia hiyo. Mama mboga anayepokea malipo kwa simu hawezi kuambiwa gharama ya hisabati ya Shor ni yake. Kampuni inafaa kuanza mapema kubadilisha kufuli zilizo upande wake, kati ya seva zake na za benki, na za tovuti, ambako mteja hata hatahisi. Kisha itangaze miaka kadhaa mbele ni simu zipi zitaathirika, na iache njia ya USSD ikiwa hai kwa atakayeshindwa kuhama.

Kwako wewe mteja, kazi ni ndogo. Masasisho ya simu na ya programu yakija, yakubali, hata kama yanakula bundles. Ukinunua simu ya mtumba, muulize muuzaji bado inapokea masasisho ya usalama hadi mwaka gani. Akikosa jibu, angalia mwenyewe kwenye mipangilio tarehe ya sasisho la mwisho kabla hujatoa pesa. Mtu akikuuzia "uwekezaji wa kwantamu" wenye faida ya kila wiki au "laini ya kwantamu", hepa. Na huyo anayekupigia akijifanya mhudumu, akitaka PIN yako, hahitaji mashine ya nyuzi -273. Anahitaji kredo ya shilingi 10 na sauti ya upole, na hakuna kufuli ya NIST inayoweza kukulinda ukimpa mwenyewe.

Yale makubwa ni ya kampuni, na hapa nitaongea bila kuzunguka, hata ingawa naandika kwenye blogu ya kampuni. Ukienda kwa huduma kwa wateja, ya kwetu au ya nyingine yoyote unayotumia, una haki ya kuuliza haya: mmeshaorodhesha mahali pote mnapotumia RSA na ndugu zake? Mtamaliza kubadilisha mwaka gani? Rekodi zangu za miaka ya nyuma mnazihifadhi kwa muda gani, na kwa nini muda huo? Na simu yangu, ambayo ilipata sasisho la mwisho miaka minne iliyopita, mmeipangia nini?