Huduma za Data: Kanuni Itangulie Zana

Katika vyuo vingi somo la kutengeneza huduma za data kwa ajili ya tovuti hufundishwa kwa kunakili. Mwalimu huandika programu ubaoni, wanachuo huiingiza katika kompyuta, nayo ikijibu, wote huridhika. Kwa maoni yangu, hizo ni mbio za sakafuni. Na ukingo wake hauonekani darasani, bali kwa mtumiaji.

Tuchukue mfano wa mzazi anayelipa ada kwa simu. Ombi lafika kwenye seva, malipo yaandikwa, kisha mtandao wakatika kabla jibu halijarudi. Simu yatuma ombi tena. Ikiwa ombi ni la POST lisilo na kinga yoyote, ada yaweza kukatwa mara mbili. Lakini kama kila malipo yangepewa namba yake na mtumaji, yakapelekwa kwa PUT kwenye anwani yenye namba hiyo, kurudia kusingeongeza malipo ya pili. Mwenye kunakili hawezi kulijua hilo, kwani programu zote mbili hujibu vizuri siku ya mtihani.

Kanuni zenyewe si nyingi. Roy Fielding alizieleza mwaka 2000, katika tasnifu yake ya udaktari kwenye Chuo Kikuu cha California, Irvine, akauita mtindo huo REST. Kila kitu kiwe na anwani yake. Vitenzi viwe vichache na vya namna moja kwa wote. Na kila ombi lijitosheleze, maana seva haitegemei kukumbuka mazungumzo yaliyopita.

Kwa hiyo napendekeza kipindi cha kwanza kifanyike bila kompyuta. Mwanachuo mmoja awe seva, akae mezani na daftari la majina. Wenzake wamletee maombi katika vipande vya karatasi, mathalani: GET /wanafunzi/12. Akilipata jina, ajibu 200, asipolipata, 404, akiandikisha jina jipya, 201. Karatasi isemayo “nipe yule wa jana” irudishwe, kwa kuwa haijitoshelezi. Anwani isemayo /futaMwanafunzi isahihishwe: anwani ni mahali pa nomino, na kitenzi DELETE kipo tayari. Mwisho, mwalimu achane jibu moja likiwa njiani, kisha aulize: mtumaji afanye nini sasa? Hapo ndipo penye kiini cha somo.

Wapo watakaosema kwamba muda hautoshi, na kwamba waajiri huuliza zana. Ni kweli, na zana hazina budi kufundishwa. Lakini zana hupita. GET na POST zilikuwamo katika HTTP/1.0 ya mwaka 1996, na hadi leo zinatumika. Aliyeshika kanuni atajifunza zana mpya mwenyewe. Aliyeshika zana tu atahitaji mwalimu kila inapobadilika.

Walimu wenzangu, tusimpime mwanachuo kwa programu inayojibu mtandao ukiwa mzima. Tumpime kwa ile inayobaki salama mtandao unapokatika.