Mnabishania Jezi za Kariakoo, za Kwetu Mmezitupa Wapi?

Wadau, leo naomba tugombane kidogo.

Kuna huu mchezo wa vijiweni ambao ukiupisha Ngokolo utaukuta Nguzo Nane, ukiukimbia Shinyanga utaukuta Kahama, Katoro na Geita mjini. Mtu mmoja anaanzisha tu: nani bora kuliko wote waliowahi kuvaa jezi namba 1? Basi kazi imeanza. Kahawa inaongezwa, watu wazima wenye familia zao wanatoana mishipa ya shingo, namba kwa namba. Namba 6? Feisal Salum, Fei Toto. Namba 9? Fiston Mayele wa Yanga, na anayebisha anazomewa. Namba 10? Huyu anasema Stephane Aziz Ki, yule anasema Mbwana Samatta wa Taifa Stars. Namba 12 anapewa Shomari Kapombe. Namba 17 ni Clatous Chama, kisha unazuka ugomvi mpya: hiyo 17 ni ya Simba alikojengea jina, au ya Yanga alikohamia mwaka 2024? Wakifika 39 wanamtaja kipa Djigui Diarra, orodha inafungwa, watu wanakwenda kulala wameridhika.

Sina tatizo na jina hata moja hapo. Wote ni watu wa kazi. Tatizo langu ni kwamba orodha hiyo imetungwa Shinyanga na Geita, na ndani yake hakuna mtu mmoja aliyetajwa kwa jezi aliyoivaa akiwa Stand United, Mwadui au Geita Gold. Hakuna hata wa kusingiziwa! Ungeibeba orodha hiyo ukaipeleka Kariakoo wangedhani wameiandika wenyewe.

Nasema wazi: hiyo si orodha ya wachezaji bora. Ni orodha ya wachezaji waliotangazwa sana.

Kabla hamjanirukia, tuelewane kwanza kuhusu namba yenyewe, maana nusu ya kelele za vijiweni zinatokana na wazee na vijana kuzungumzia vitu viwili tofauti. Namba za mgongoni zilionekana kwenye ligi ya Uingereza Agosti 1928, Arsenal na Chelsea walipozivaa siku moja. Wakati huo namba ilikuwa kazi, siyo mtu. Aliyeanza upande wa kulia nyuma alivaa 2, wa kushoto 3, mshambuliaji wa kati 9. Leo ukiumwa, kesho mwenzako anaivaa. Kombe la Dunia lilianza kumpa kila mchezaji namba yake ya mashindano yote mwaka 1954, na ligi kuu ya Uingereza ikaweka namba za msimu mzima na jina juu yake kuanzia 1993/94. Hapo ndipo namba ilipohama kutoka kwenye kazi ikaenda kwa mtu.

Sisi huku tumebaki na vyote viwili. Mpaka leo kocha wa mchangani anasema "nitafutie namba 6" akimaanisha kiungo mkabaji, hata kama kijana mwenyewe mgongoni kaandikwa 24. Lugha hiyo imetuingia mpaka majumbani, ndiyo maana mfanyakazi wa ndani anaitwa beki tatu na kila mtu anaelewa. Kwa hiyo mzee anaposema Fei Toto hafai kuwa namba 6 bora kwa sababu hakabi, hajakosea. Na kijana anayesema Fei ndiye 6 hajakosea pia. Mmoja anahesabu kazi, mwingine anahesabu kitambaa. Mkitaka kubishana kistaarabu, chagueni kwanza mnahesabu nini.

Chagueni mnachotaka, bado kwetu kuna watu.

Tuanze na hiyo namba 9 mnayomzomea mtu nayo. Msimu wa 2021/22 Mayele alifunga mabao 16 kwenye Ligi Kuu. Aliyemaliza juu yake alifunga 17. Anaitwa George Mpole, na alikuwa mshambuliaji wa Geita Gold, timu iliyokuwa msimu wake wa kwanza Ligi Kuu na ikamaliza ya nne, ikakata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mfungaji bora wa nchi ametoka Geita, halafu vijana wa Geita wanaulizana mshambuliaji bora wanaanza kumtafuta Jangwani! Hebu nijibu haraka bila kushika simu: Mpole alikuwa anavaa namba ngapi mgongoni? Ya Chama unaijua hata ukiamshwa usiku wa manane.

Tuje Shinyanga. Novemba 14, 2015, Uwanja wa Taifa, Tanzania na Algeria, kufuzu Kombe la Dunia. Matokeo 2-2. Bao moja la Samatta, hilo kila mtu analikumbuka. Bao lililotangulia, la kwanza la Tanzania siku ile, lilifungwa na Elias Maguri. Alikuwa mchezaji wa timu gani? Stand United. Chama la Wana. Timu iliyoanzishwa na watu wa stendi ya mabasi, wapiga debe ambao mnawapita kila siku mkiwahi basi la Mwanza.

Septemba 2018, Yanga na Stand United, Dar es Salaam. Yanga walishinda 4-3, na mabao yote matatu ya Stand alifunga mtu mmoja, Alex Kitenge. Hat-triki dhidi ya Yanga, ugenini. Angefanya hivyo akiwa na jezi ya Simba angeimbiwa mpaka kaburini. Msimu huohuo Salim Aiyee alifunga mabao 18 akiwa Mwadui, timu ya mgodi wa almasi, timu iliyolazimika kucheza mechi za mchujo na Geita Gold ili isishuke daraja. Kufunga 18 ukiwa kwenye timu inayopigania uhai ni kazi ngumu kuliko kufunga 18 ukiwa umezungukwa na viungo wa bei mbaya.

Na msidhani jambo hili limeanza jana. Edibily Lunyamila, winga aliyewatesa mabeki wa nchi hii miaka ya tisini, aliichezea Biashara ya Shinyanga kabla ya kwenda Yanga. Leo akitajwa anatajwa kama mali ya Yanga peke yake. Anayejua machimbo anaelewa: mawe yanachimbwa huku, dhahabu inahesabiwa kwingine, sisi tunabaki tunahangaika na marudio.

Najua mtakachosema. Mtasema Simba na Yanga wana makombe, wanacheza Afrika, sasa Stand United wana nini? Sawa. Lakini hapo mmebadilisha mchezo katikati. Kama ni kuhesabu makombe tuhesabu makombe, itachukua dakika mbili. Swali la nani bora kuvaa namba fulani linahusu mtu aliyeifanya ile jezi iwe na maana kwa watu wake.

Angalieni wenzetu wa mpira wa magongo wa kwenye barafu, Marekani na Canada, ambao kubishana juu ya namba kwao ni kama ibada. Wanajulikana kwa 99 ya Wayne Gretzky, iliyostaafishwa mwaka 2000 kwa timu zote za ligi ya NHL, asiivae mtu tena. Lakini jezi ya kwanza kustaafishwa katika ligi hiyo ilikuwa namba 6 ya Ace Bailey wa Toronto, mwaka 1934. Haikuwa zawadi ya kombe. Bailey alipasuka fuvu uwanjani Desemba 1933, uchezaji wake ukaishia hapo, na klabu yake ikasema namba hii ni ya huyu. Manchester City waliiweka kando namba 23 ya Marc-Vivien Foé, Mkameruni aliyefia uwanjani Juni 2003. Alikuwa amewachezea msimu mmoja tu, kwa mkopo. Msimu mmoja! Sisi Mpole alitupa msimu wa mabao 17, na hatukumpa hata nafasi ya kubishaniwa.

Sasa kwa nini tuko hivi? Nina sababu mbili.

Ya kwanza ni fedha za migodi na jinsi zinavyoingia na kutoka. Mwadui iliishi kwa mgodi wa Williamson. Stand United ilipata udhamini wa Acacia mwaka 2015, ukaja ugomvi wa uongozi, watu wa kampuni kule na wanachama huku, na mwaka 2016 mdhamini akajitoa. Acacia yenyewe haipo tena, ilimezwa na Barrick mwaka 2019. Timu inayoishi hivyo inasajili kikosi kizima leo na kukiacha kizima kesho. Namba zinagawiwa upya kila msimu kama sahani za msibani, aliyewahi kafika. Hakuna jezi inayokaa mgongoni mwa mtu muda wa kutosha kuzoeleka. Stand ikashuka 2019, Mwadui 2021, Geita Gold 2024. Zilishuka kimyakimya, maana ni vigumu kulilia kitu ambacho hukuwahi kukiandikia hata jina.

Ya pili ni sisi watu wa kalamu na kipaza sauti. Sikiliza matangazo ya mechi ya timu ya mkoani ikicheza na Simba au Yanga. Mchezaji wa Kariakoo anatajwa jina, namba, jina la utani na chakula anachopenda. Wa kwetu anaitwa "mchezaji wa Stand pale". Anapiga krosi mchezaji wa Stand pale, anaumia mchezaji wa Stand pale. Mtu asiyetajwa jina wala namba utamkumbuka vipi baada ya miaka kumi? Tanzania ilipeleka timu ya mpira wa magongo Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Ilifungwa na India mabao 18-0, sawa, lakini ilikwenda Olimpiki. Nitajieni mchezaji mmoja tu wa timu ile. Mnaona? Yakipita magazeti bila majina, watu wanakuwa kama hawakuzaliwa.

Kuna atakayesema haya ni mambo ya kijiweni, mbona unayakuza. Nayakuza kwa sababu kuna mtoto wa miaka kumi na miwili pale Ushirombo au Maganzo, kesho anaandika namba kwa kalamu ya wino mgongoni mwa fulana yake. Ataandika 17 ya Chama au 7 ya Ronaldo. Hajui kwamba mfungaji bora wa Tanzania aliwahi kuwa anafanya mazoezi umbali wa safari moja ya basi kutoka kwao. Tumemfundisha, bila kusema neno, kwamba ukubwa unapatikana kwingine na kwao ni mahali pa kuondokea. Halafu tunashangaa uwanja wa Kambarage unajaa siku ya Simba na Yanga tu, na wenyeji wanashangilia wageni!

Ninachotaka hakihitaji mdhamini wala kikao cha mkoa. Kila klabu iwe na daftari: msimu, namba, jina, mechi, mabao. Daftari la shilingi elfu mbili linatosha. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu anapima mzigo wake mpaka pointi ya mwisho na anakumbuka kila senti aliyodhulumiwa; klabu haiwezi kushindwa kuandika nani alivaa 9. Mchezaji akifanya kubwa, namba yake isigawiwe msimu unaofuata kwa anayejaribiwa. Majina ya waliofunga na waliotuchezea Taifa Stars yaandikwe ukutani Kambarage na Nyankumbu, rangi inauzwa dukani. Na watangazaji watamke majina ya watu.

Nanyi wa vijiweni ninawawekea sharti moja. Endeleeni kubishana, namba 1 mpaka 39, mpaka 99 mkitaka. Ila kwa kila namba lazima litajwe jina moja la aliyeivaa timu ya huku. Akishindwa na wa Kariakoo kwa hoja, ashindwe, hakuna nongwa. Asishindwe kwa sababu hakuitwa uwanjani.

Mkishindwa kupata jina la namba fulani, msiiruke. Amkeni mkamtafute mzee mmoja aliyekuwa anakaa jukwaani Mwadui enzi hizo mumuulize, tena muende na kalamu. Wazee hao wanaondoka, na kila anayeondoka anakwenda na kikosi kizima kichwani.

Nawasilisha.