Tangazo Lieleze Nyumba, Lisihukumu Mtu



Tangazo la nyumba ya kupanga hutaja vyumba, maji, umeme na garanti. Hayo ni haki. Lakini hapa Likasi twakuta pengine mstari wa mwisho unaosema kwamba watu wa kabila fulani wasijisumbue kuja. Mstari huo si mdogo.

Mji wetu wapaswa kuujua uzito wake. Reli ilipofika Ilebo mwaka 1928, njia ilifunguka kwa Wakasai wengi kuja Katanga, kufanya kazi katika migodi na reli. Watoto na wajukuu wao walizaliwa hapa. Hata hivyo, mwaka 1992 waliitwa bilulu, yaani wadudu. Katika miezi ya Agosti na Septemba walifukuzwa majumbani mwao, na maelfu wakalala penye stesheni ya Likasi wakingojea treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Wako waliokufa wakingoja. Nyumba zilinyang'anywa baada ya maneno kumwondolea jirani ubinadamu wake.

Mwenye nyumba atasema: "Lopango ni langu." Ni kweli, naye ana haki ya kuuliza kama mpangaji ataweza kulipa na kutunza mali. Lakini kabila halijibu hata moja ya maswali hayo. Sheria ya mwaka 1966 inakataza maneno na maandishi ya chuki ya kikabila, na Katiba ya mwaka 2006 inampa kila mtu haki ya kuchagua makao yake popote nchini.

Twajua kwamba kufuta mstari hakubadilishi moyo. Mgeni aweza bado kukataliwa mlangoni. Lakini ubaya ulioandikwa huwafundisha wanaousoma kwamba ni jambo la kawaida.

Basi, ninyi mnaoandika matangazo kwa niaba ya wazazi, au mnaosaidia makomisyonere kuyasambaza kwa simu, mna uwezo mkononi. Elezeni nyumba, bei na masharti yanayomhusu kila mpangaji. Mkiambiwa muongeze kabila, kataeni kwa heshima na kutoa sababu. Maria na Yosefu nao walikosa nafasi Betlehemu. Tusiwe sisi wenye kuandika kibao cha kuwafukuza.