Kipling Alimtafuta Mwanawe. Wetu Nani Aliwatafuta?

Nimechoka kusikia kwamba wapagazi wetu wa Vita vya Kwanza vya Dunia "walisahaulika". Mtu husahau mwavuli kwa matatu. Hawa wanaume waliachwa nje ya daftari na watu waliokaa mezani, wakajadiliana, wakaamua. Na ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka kwa Mwingereza mmoja aliyejua vizuri sana uchungu wa kumkosa mtu wako.

Rudyard Kipling, yule mwandishi mkubwa wa dola ya Waingereza, alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, John. Vita vilipoanza 1914, jeshi lilimkataa kijana kwa sababu ya macho mabovu. Baba mtu akapiga simu, yaani kwa lugha ya siku hizo: akaenda kumwona Lord Roberts, rafiki yake mwenye cheo, na John akapata nafasi ya uafisa katika kikosi cha Irish Guards. Tarehe 27 Septemba 1915, wiki sita hivi baada ya kutimiza miaka 18, akapotea kwenye mapigano ya Loos, Ufaransa. Mwili haukuonekana.

Wazazi wake wakaanza kumtafuta. Walizunguka hospitali za majeruhi. Waliwahoji askari waliokuwa naye siku ile, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka. Kipling aliandika historia nzima ya kikosi cha mwanawe. Mwaka 1917 akaingia kwenye Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita, ile iliyopewa kazi ya kuhakikisha kila aliyekufa ana kaburi au jina kwenye ukuta. Alikufa 1936 bila kujua mwanawe amelala wapi.

Lakini utafutaji haukufa naye. Mwaka 1992 Tume ilitangaza kwamba kaburi moja la luteni asiyejulikana huko Ufaransa ndilo la John. Watafiti wakabishana kwa miaka mingi kuhusu tangazo hilo: alama za cheo kwenye mabaki zilikuwa za luteni kamili, je, John alikuwa ameshapanda cheo siku aliyokufa? Watu wazima wakachunguza hayo kwa makini, na mimi siwacheki. Ndivyo mtu anavyotafutwa akihesabiwa kuwa mtu.

Nilijaribu mwenyewe kuufuata ukoo huo, jioni moja, kwa simu na bando dogo. Sina digrii ya historia wala ya kitu kingine chochote. Nilipata kila kitu. John alizaliwa Agosti 1897 Rottingdean, pwani ya kusini ya Uingereza. Dada yake Josephine alifariki New York 1899, bado mtoto mdogo. Babu yake, John Lockwood Kipling, alikuwa mwalimu wa sanaa Bombay. Binamu ya baba yake, Stanley Baldwin, alikuja kuwa waziri mkuu. Dada yake wa mwisho, Elsie, alifariki 1976 bila mtoto. Ukoo wa Rudyard ukaishia hapo. Angalia miaka hiyo: kaburi la kijana lilitambuliwa miaka 16 baada ya kufa mtu wa mwisho wa nyumba yake. Hakukuwa na ndugu wa karibu aliyebaki kulia, na bado taifa lake lilikuwa linamtafuta.

Sasa njoo Murang'a. Kaka mkubwa wa babake shosho yangu alichukuliwa 1917, mwaka ambao serikali ya kikoloni ilisaka wanaume kijiji kwa kijiji wakabebe mizigo ya jeshi kule ilikokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, leo Tanzania bara. Hakurudi. Shosho anajua jina lake na anajua alichukuliwa, basi. Nilitafuta kwa simu ileile na bando lilelile. Kwenye orodha ya mtandaoni ya Tume hiyohiyo ya Kipling, hayupo. Na huyu anao vitukuu wa ndugu zake wa kujaza basi mbili.

Mtu ataniambia: lakini John alikuwa afisa, na maafisa huandikwa. Sawa. Tuseme askari wa kawaida basi. Mafaili mengi ya askari wa kawaida wa Uingereza yaliungua ghala lao la London lilipopigwa bomu 1940. Unajua walifanya nini na mabaki? Waliyaokota yakiwa yamechomeka kingo, wakayapiga picha karatasi kwa karatasi, na leo unayasoma mtandaoni. Kwao hata moto ulishindwa kufuta majina. Kwetu hakukuhitajika moto.

Tena nenda Kenyatta Avenue, pale penye sanamu za wanaume watatu weusi wa shaba. Mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na aliyeyatunga ni Rudyard Kipling. Ndiyo, huyohuyo. Yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Yanaahidi kwamba anayeifia nchi yake, jina lake litabaki kwa wanawe. Zunguka sanamu hizo mara tatu ukitafuta jina hata moja la aliyekufa. Hulipati. Baba aliyeshindwa kulala kwa sababu ya jina la mwanawe aliwaahidi watoto wa watu wengine kumbukumbu ya majina, kwenye jiwe lisilo na jina. Mkono na mguu, inaonekana, havihitaji majina.

Utetezi wao naujua, maana umerudiwa miaka mia.

Wa kwanza: ati hakukuwa na rekodi. Uongo. Wapagazi waliandikishwa, wakapewa namba, wakawekwa kwenye orodha za mishahara. Serikali hiyohiyo ilijua kila nyumba inayodaiwa kodi. Vita vilipoisha tu, ikawatundikia wanaume wetu kipande shingoni, kikiwa na jina, alama za vidole, mwajiri na mshahara. Mwafrika alipotakiwa alipe au afanye kazi, kalamu ilikuwa na wino. Alipokufa, wino ukaisha.

Wa pili: ati walikuwa wengi mno. Waingereza waliajiri wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivi, na hesabu za chini zinasema karibu 95,000 walikufa, wengi kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa kuliko kwa risasi. Ni wengi, kweli. Lakini huko Thiepval, Ufaransa, kuna mnara uliozinduliwa 1932 wenye majina zaidi ya 72,000 ya watu wasio na kaburi. Sabini na mbili elfu, yamechongwa kwenye mawe, herufi kwa herufi. Usiniambie habari ya wingi.

Wa tatu ndio unaonichoma: ati Mwafrika hajali makaburi, hataelewa jiwe lenye jina. Hili liliandikwa na wakubwa wa serikali na wa Tume yenyewe, na ripoti ya Tume ya 2021 imelianika. Tume iliyojigamba kwamba haitabagua cheo wala dini! Na ilimwambia hivyo nani? Sisi? Kwetu Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa babake, wa pili la baba wa mamake, na wanaofuata majina ya wajomba na baba wadogo. Waluo humpa mtoto jina la marehemu. Jina la huyo mpagazi wetu limerudi katika ukoo mara mbili, bila jiwe wala bajeti ya kifalme. Watu wanaowafufua wafu wao kila mtoto anapozaliwa, ndio wakaambiwa hawathamini majina.

Ripoti hiyo ya 2021 inakadiria kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Rudia kusoma namba hizo. Pengo katikati yake ni watu 234,000. Yaani hawajui kama waliwaacha watu wa kujaza mji mmoja au mitatu. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akasimama bungeni Aprili ile, akaomba radhi. Asante. Lakini radhi haina herufi za kuchonga.

Na kuna wa kwetu watakaosema tuna shida kubwa kuliko mifupa ya 1917: unga, kodi ya nyumba, kazi hakuna. Hizo shida ninazo zote, nazijua kwa majina. Lakini hebu tazama: kijana anachukuliwa na serikali, anapotea, familia inaambiwa hakuna rekodi. Hiyo ni historia ya kale? Mama wangapi katika nchi hii wamezunguka vituo vya polisi na vyumba vya maiti wakijibiwa hivyohivyo? Serikali iliyozoea kutotaja majina ya wafu wake iliirithi tabia mahali.

Kwa hivyo nataka vitu, na si maua ya kila Novemba. Nataka orodha zote za wapagazi na askari zilizo kwenye hifadhi za Nairobi na London zipigwe picha na kuwekwa mtandaoni bure, zisomeke kwa simu ya bei rahisi. Nataka ukuta wa majina Nairobi, Uingereza ilipe, na asiyejulikana jina lake aandikwe kijiji chake. Nataka Kariakor, mtaa uliopewa jina la jeshi hilo la wapagazi, uwe na kibao kinachowaambia wanaonunua viondo pale kwa nini unaitwa hivyo. Na wewe unayesoma hii, mpigie shosho wako wiki hii umuulize nani alienda asirudi, kisha uandike.

Jina la mtu wetu sijaliandika hapa, kwa makusudi. Wao ndio waliomchukua. Waliandike wao kwanza, tena kwa jiwe.