Mulima haungoje «bonyeza moja»



Siye wote tunaopitisha mazao Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, tunajua ile barabara. Upande moja ukuta wa mawe, upande ingine bonde. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi dereva anaendesha macho yakiwa juu.

Msimu wa mvua uliopita tulikuwa nyuma ya kamiyo ya mihogo na maharagi ya kooperative moja. Mawe madogo yalikuwa yanaanguka moja moja, na huko juu jiwe kubwa lilikuwa limeshaachana na udongo. Tukafanya kama vile tunafundishaka: tukasimama mbali, tukapiga namba ya bure ya kutangaza hatari. Mashini ikajibu kwa Kifaransa: bonyeza 1, bonyeza 2. Tukabonyeza. Ikatuomba tungoje. Muziki. Kisha ikaanza upya. Mama mmoja mwenye mihogo akauliza: «Ule mama wa ndani ya simu, yeye anaona mulima?» Hakuna aliyecheka. Mara ya tatu simu ikakatika.

Jiwe lilianguka mbele ya saa sita. Halikuua mutu, juu vijana wa kijiji walikuwa wamefunga barabara na matawi.

Maoni yetu ni haya: mashini ya simu ni nzuri kwa kujua bei ya maharagi, juu bei inaweza kungoja kesho. Jiwe haliwezi. Hatujasahau Kalehe, Mai 2023: maji yalishusha matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakakufa. Mambo kama yale ni ya dakika.

Na siye ma-agronome tuna kosa letu. Ile namba tuliigawa katika mikutano, tukaiandika ubaoni, bila kuijaribu hata siku moja. Tunaomba musamaha.

Basi tunaomba nini? Kwa wenye kulipa miradi: nyuma ya namba ya hatari muweke mutu, anayesikia Kiswahili, Mashi na Kifuliiru. Kama hakuna mutu, namba isigawiwe.

Kwa kooperative: muchague wanamemba wawili wanaoishi karibu na mahali pabaya. Kikundi kiwalipie mayunite. Namba zao ziwe kwa madereva na kwa chefu wa kijiji. Wakiona nyufa mpya, miti inayoinama, chemchemi inayogeuka matope ghafla, ao mawe madogo yasiyokoma, wafunge barabara. Mutu asiwatukane juu ya kuchelewa. Tomate zikioza ni hasara, lakini tunalima tena.

Tena, tusichimbe mawe na mchanga chini ya mulima. Ni kuukata miguu. Huko juu tuache miti isimame. Vetiver inashika udongo, haishike jiwe kubwa. Na mahali penye nyufa tusichimbe mitaro ya kushika maji, hata kama siye wenyewe tuliifundisha kwa mashamba mengine: maji yakiingia ndani yanasukuma mulima. Yapelekwe pembeni.

Simu tuziweke mifukoni, ndiyo. Lakini wa kwanza kuona ni jirani, na jirani hasemi «bonyeza moja».