Nani Atatufundisha Ulaya ya Mashariki?



Tarehe 24 Aprili 1990, Rais Mobutu alitangaza huko N'Sele kwamba utawala wa chama kimoja umekwisha. Sisi tuliokuwa vijana wakati ule, tukijiandaa kuwa walimu, tulishangazwa na machozi yake kuliko maneno yake. Miezi minne kabla, siku ya Noeli, rafiki yake Ceaușescu wa Rumania alikuwa amepigwa risasi pamoja na mkewe. Kila mtu alihisi kwamba mambo hayo mawili ni ndugu. Lakini hapakuwa na mmoja kati yetu aliyeweza kueleza Rumania ni nchi ya namna gani, watu wake husema lugha gani, wala kwa nini walimchoka mkuu wao. Mito ya Ubelgiji tuliijua kwa moyo; Bucharest hatukuijua.

Baadaye tulipata kufahamu kwamba hata mabingwa walishangaa. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Columbia kilifungua taasisi ya mambo ya Urusi mwaka 1946, na Harvard kikafuata mwaka 1948. Warusi waliporusha Sputnik mwaka 1957, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka uliofuata sheria ya kugharimia elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, lugha za kigeni zikiwamo. (Kwa fedha za sheria hiyo hata Kiswahili kilipata kufundishwa huko, tusidhani ilikuwa ni kwa mapenzi matupu.) Elimu hiyo ilizaliwa katika hofu, na mwenye hofu hutazama upande mmoja tu. Wengi walichungulia Kremlin, wakichunguza nani amesimama karibu na nani juu ya kaburi la Lenin siku ya gwaride. Walijifunza Kirusi, wakasahau kwamba Mwestonia, Myukreni na Mkazaki wana lugha zao na kumbukumbu zao. Kumbe tarehe 23 Agosti 1989 watu wapatao milioni mbili walishikana mikono kutoka Tallinn hadi Vilnius, mwendo wa kilometa 600 hivi, kudai uhuru ambao Moscow ilidhani umesahauliwa.

Poland yatuhusu zaidi sisi walei. Mwezi wa Juni 1979 Papa Yohane Paulo wa Pili aliizuru nchi yake, na umati uliomlaki ukajiona kwa mara ya kwanza jinsi ulivyo mwingi. Mwaka uliofuata wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Gdańsk waligoma, wakatundika picha ya Papa langoni, na chama chao Solidarność kikazaliwa. Aliyehesabu makaa ya mawe na chuma peke yake hakuweza kuliona jambo hilo likija. Ilimpasa ajue Kipolandi, akae na watu, asikie wanachosema wakitoka kanisani.

Hofu ilipokwisha, kikaja kiburi. Baada ya mwaka 1991 ilisemwa kwamba dunia imekuwa soko moja. Ya nini basi kupoteza miaka kumi ukijifunza Kirumania au Kiuzbeki? Yatosha kuwa na kanuni moja ya uchumi na kuipeleka kila mahali. Washauri walishuka kutoka ndegeni na vitabu vilevile. Poland iliinywa dawa hiyo chungu tangu tarehe 1 Januari 1990, na baada ya miaka miwili ya taabu uchumi wake ulianza kukua. Urusi iliinywa Januari 1992: kabla mwaka haujaisha bei zilikuwa zimepanda zaidi ya mara ishirini, na akiba za wazee zikayeyuka. Mwaka 1990 mwanamume wa Urusi aliweza kutazamia kuishi miaka 64 hivi. Mwaka 1994 haikufika hata 58. Hatusemi kwamba dawa peke yake iliua. Twasema daktari hakumpima mgonjwa.

Mwaka 2002 Mmarekani Thomas Carothers, aliyezoea kazi ya kusaidia demokrasia katika nchi hizo, aliandika kwamba imepasa kuacha kudhani kuwa zote ziko katika njia moja ya mpito. Sisi wa Kongo tungeweza kumwambia mapema. Neno «mpito» twalijua: letu lilianza siku ile ya N'Sele, likaishi kuliko Mobutu mwenyewe, na mwaka 2006 lilikuwa bado likitutawala.

Kwa hiyo hatukubaliani na wanaosema kwamba kuchunguza eneo moja kwa undani ni desturi iliyopitwa na wakati. Hatukubaliani pia na wanaoendelea kuita nchi hizo «za baada ya ukomunisti», kana kwamba kijana wa Estonia aliyezaliwa mwaka 2004, nchi yake ilipoingia Umoja wa Ulaya, hana jina jingine ila la utawala asioujua. Sisi tuliowahi kuitwa «ex-Zaire» tunajua uchungu wake.

Na jambo hili si la maprofesa wa mbali. Mwaka 2024 shirika la habari Associated Press lilieleza habari za wasichana wa Afrika, baadhi yao wakitoka Uganda na Rwanda, waliovutwa kwa matangazo ya kazi na masomo hadi Alabuga katika jimbo la Tatarstan, nchini Urusi, wakajikuta wakiunganisha ndege zisizo na rubani za vita vya Ukraine. Tangazo kama hilo likiingia leo katika simu zenu, ni mwalimu gani kati yetu atakayewaambia Tatarstan iko wapi, na Watatari ni watu gani?

Hata hivyo wako Wakongomani waliosoma Moscow, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1960 na kupewa jina la Lumumba mwaka 1961. Wanasema Kirusi, wamevumilia baridi ile, na wengine waliyaona hayo mageuzi kwa macho yao, hakuna anayewauliza. Tunaviomba vikundi vya vijana viwatafute na kuwaalika Jumapili moja baada ya Misa. Swali la kwanza liwe jepesi: mwaka ule wa 1992 mkate waliupata wapi, na kwa bei gani?